Tekenya Miguuni mwa Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi

Kaskazi ikishakausha nyua, Januari hivi, maswali haya huanza kunifuata njiani. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nyumba ninazozitembelea ziko nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa Ganda kwenda Kakuyuni. Nimeyaandika maswali kama nilivyoulizwa, mengine kwa maneno yale yale. Kama mtoto analia sasa hivi na una pini mkononi, acha haya ya mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye swali la pini.

## Kumjua mdudu mwenyewe

Tekenya ni mdudu gani?

Ni kiroboto, na katika viroboto wote ndiye mdogo kabisa: urefu wake ni kama milimita moja, ndiyo maana hakuna anayemwona akiingia. Makao yake ni mchanga na vumbi kavu. Dume na jike wote hunyonya damu, ila dume hajichimbii. Jike ndiye mwenye taabu. Hutanguliza kichwa, akazama ngozini mpaka ikabaki ncha yake ya nyuma tu ikichungulia kwenye kitundu. Kwa kitundu hicho hupumua, hunya na hutaga.

Akishatulia humo, tumbo hufura. Ndani ya wiki moja au mbili anakuwa kama punje ya mbaazi, na mayai yanamtoka kwa mamia, yanadondoka chini mtoto anapopita. Wiki ya nne mpaka ya sita tangu aingie, anakufa humo humo ndani ya ngozi.

Tekenya na funza ni kitu kimoja?

Ndiyo. Hospitalini na vitabuni utasikia funza, huku kwetu tunasema tekenya au matekenya, na jina lenyewe limemkaa, kwa sababu kabla hajauma hutekenya kwanza.

Mimi nalipendelea jina la pwani kwa sababu nyingine pia. Funza ni vilevile wale wadudu weupe wa nyama iliyooza, na nimekutana na wazazi waliodhani mguu wa mtoto umeoza, au kwamba kuna wadudu wanaotambaa mwilini kupanda juu. Tekenya hatambai popote. Alipoingia ndipo atakapofia. Mayai yake hayaanguliwi ndani ya mwili, na hata kifuko kikipasuka wakati wa kumtoa, hakuna yai linaloingia kwenye damu. Hatari ya kupasuka ipo, lakini ni ya usaha.

Nitajuaje kama ni tekenya kweli?

Mwoshe mtoto miguu kwa sabuni kwanza. Mguu wenye vumbi hausomeki. Kisha mkalishe mkekani karibu na mlango, penye mwanga, mguu wake juu ya paja lako. Anza pembeni mwa kucha, nenda katikati ya vidole, malizia kisigino na ukingo wa unyayo.

Siku ya kwanza na ya pili utaona kidoa chekundu tu, kama alama ya sindano, na mtoto anajikuna, hasa usiku. Baadaye kinageuka kitu kama kifungo kidogo cha shati: duara jeupe lililoinuka kidogo, na nukta nyeusi katikati. Ukitazama kwa makini utaona pengine uzi mwembamba wa kinyesi cha kahawia, au vijiyai vyeupe vimeganda kwenye ngozi ya karibu. Ukikuta gaga jeusi gumu lisilouma sana, huyo keshakufa.

Vinavyochanganywa na tekenya ni vingi. Fangasi hukaa katikati ya vidole, ngozi inakuwa nyeupe, inalowa na kubanduka, bila nukta. Chunjua ya unyayo ina nukta nyeusi kadhaa ndogo ndogo na hukaa miezi bila kubadilika. Tekenya hubadilika kila siku chache. Mwiba wa mbigili huuma tangu saa ile ulipoingia na mtoto atakwambia ni wapi. Mstari mwembamba uliopinda pinda chini ya ngozi, unaosogea kila siku, ni kitu kingine kabisa. Tazama swali la ufukweni kule mwisho.

Mbona watoto ndio wanaoingiliwa zaidi?

Wako chini muda wote. Wanacheza chini, wanakula chini, wengi wanalala chini, bila viatu. Tekenya hawezi kuruka juu sana, kwa hiyo anachokutana nacho kwanza ni vidole na kisigino. Ukitazama vizuri utaona wazee pia wanapata sana, hasa wale wasioona vyema au wasioweza kuinama kufikia miguu yao. Nikiingia nyumba yenye mtoto mwenye matekenya, huwa naomba kumwona na bibi.

Ni kweli ni ugonjwa wa uchafu, au mtu ametupiwa?

Hakutupiwa mtu. Huyu mdudu hata si wa kwetu. Asili yake ni Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, Angola, na mchanga waliokuwa wameupakia kuipa meli uzito ukamwagwa ufukweni ukiwa na viroboto ndani. Kutoka hapo walisafiri na misafara, wapagazi na askari, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wameshakatiza bara zima hadi pwani yetu ya Mashariki. Kwa hiyo anayesema ni laana ya ukoo fulani wa Magarini aulizwe: kabla ya hapo ukoo ule ulilaaniwa kwa mdudu gani?

Kuhusu uchafu, jibu langu huwaudhi wengine. Nimeona nyumba zinazofagiliwa mara mbili kwa siku na watoto wana matekenya, na nyumba za ovyo zenye sakafu ya saruji ambazo watoto wake hawana hata mmoja. Tatizo ni sakafu. Sakafu ni pesa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na wadudu wengine wa ngozi, tekenya akiwemo, kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na neno "yaliyopuuzwa" hapo halikuwekwa bure.

## Kutibu mguu

Nimtoe kwa pini?

Kila mama ana pini yake. Yetu ilikaa imechomekwa kwenye pindo la leso ya mamangu, na sisi watoto sita tulitolewa matekenya kwa pini ile ile moja, jioni, mmoja baada ya mwingine, kwa mwanga wa koroboi. Ikishamaliza kwangu inapanguswa kwenye leso, inaenda kwa mdogo wangu. Kidole changu kikubwa cha kulia kilivimba kwa kazi hiyo, kikatunga usaha, na ukucha ukang'oka. Sikuelewa mpaka nilipofunzwa kazi hii kwamba tuliponea chupuchupu.

Pini ikipita kutoka mguu hadi mguu hubeba damu. Kwa damu hiyo yaweza kwenda homa ya ini, yaweza kwenda virusi vya Ukimwi. Pini iliyochafuka udongo huweza kuingiza pepopunda. Na mara nyingi pini haimtoi tekenya mzima: inampasua, nusu yake inabaki ndani, jeraha linaoza. Ndiyo sababu nasema pini iwekwe kando.

Sasa ukweli wa maisha. Kuna siku tekenya ni mmoja tu, kituo cha afya kiko mbali, na utamtoa nisemavyo nisiseme. Basi iwe sindano mpya ya dukani iliyotoka kwenye karatasi yake, ya mtoto mmoja tu. Nawa mikono, osha mguu, pangusa ngozi kwa spiriti. Usichokonoe katikati, panua kitundu pole pole kuzunguka pembeni mpaka kifuko kizima kitoke. Pakaa dawa ya vidonda, funika kwa kitambaa safi, na sindano hiyo itupwe kwenye choo cha shimo. Matekenya wakizidi wawili watatu, au wakiwa chini ya kucha, usijaribu. Nenda kwenye swali linalofuata.

Dawa inayofanya kazi ni ipi?

Iliyo bora kwa sasa ni dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni ambayo wengine huyajua kama dawa ya chawa. Hayana sumu. Yanapenya kwenye kile kitundu cha tekenya na kukiziba, anakosa hewa, anakufa. Unadondosha tone juu ya kila nukta nyeusi, unarudia kwa muda mfupi kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Mtoto haumii, na hilo si jambo dogo: mtoto aliyewahi kushikwa na watu wawili akichokolewa huficha miguu mara ya pili. Angalizo moja tu, aina nyingine za mafuta hayo hushika moto kwa haraka, kwa hiyo yasipakwe karibu na jiko wala koroboi.

Shida ni kuyapata. Si kila dispensari inayo, na duka la dawa mjini huuza bei ambayo kibarua wa shamba ataifikiria mara mbili. Ulizia dispensari yako au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako kabla ya kununua.

Na ile dawa ya zambarau ya kuloweka miguu?

Hiyo ni pamanganeti, na ndiyo iliyozoeleka zaidi Kenya kwenye kambi za kutibu funza. Miguu hulowekwa dakika 15 kwenye maji yenye nusu gramu ya dawa kwa kila lita, ikakaushwa na kupakwa vaselini. Inasaidia kukausha vidonda na kuzuia usaha. Kuua tekenya, inaua nusunusu. Utafiti uliofanywa na watoto wa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha mguu mmoja na mwingine: baada ya siku 7, asilimia 78 ya matekenya waliopakwa dimetikoni hawakuonyesha tena dalili ya uhai, na kwa pamanganeti ilikuwa asilimia 39.

Kama ndiyo uliyopewa, itumie, lakini ichanganywe na mtu anayejua kipimo. Punje isiyoyeyuka ikigusa ngozi inaichoma. Na beseni likitumiwa na mtoto mwenye vidonda vya damu, maji yamwagwe, beseni lioshwe, mwingine awekewe mapya.

Mafuta ya taa je? Bibi yangu alitumia na tukapona.

Usitumie. Yanachubua ngozi ya mtoto, mvuke wake ni mbaya kwa mapafu, na mguu uliolowa mafuta ya taa karibu na jiko la kuni ni ajali inayosubiri cheche. Ni vivyo hivyo petroli, maji ya betri, na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hiyo ya ng'ombe nimeikuta zaidi ya nyumba moja. Ni sumu inayopenya ngozini, na penye kidonda hupenya haraka zaidi. Mtoto aliyepakwa akianza kutoka mate mengi, kutapika au kulegea, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku ukitafuta boda ya kumpeleka hospitali, na uibebe ile chupa.

Tekenya akishakufa ndani, nisimtoe?

Mwache. Ngozi yenyewe inamsukuma nje, inakuwa gaga, gaga linabanduka kwa muda wa wiki chache. Wazazi wengi hawaridhiki mpaka wamwone mdudu kwenye kiganja. Naelewa, jicho linataka ushahidi. Lakini kumchimba maiti ni kufungua kidonda ambacho hakikuwepo.

Kidonda kinatunzwaje?

Kioshe kila siku kwa maji safi na sabuni, kikaushe, kipake dawa ya vidonda uliyopewa dispensari, kifunike kama mtoto atatoka nje. Usitie majivu, kinyesi cha ng'ombe wala unga wa kahawa. Kata kucha za mikono yake pia, maana ndizo anazojikunia. Na toa kadi ya kliniki uitazame: chanjo ya pepopunda imo ndani ya zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama zilirukwa, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Ni wakati gani nisingoje kesho?

Usaha, uvimbe unaopanda kuelekea kifundo cha mguu, homa, mitoki kwenye kinena, mtoto hawezi kukanyaga: mpeleke leo. Taya likikaza, shingo ikikakamaa, au mwili ukianza kushtuka shtuka, ni dalili za pepopunda. Hapo ni hospitali kubwa, hata kama ni usiku wa manane.

## Nyumba na ua

Tunamtibu, wiki mbili baadaye wamerudi. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu anayeliuliza amekaribia jibu. Hawakurudi. Ni wengine, na wametoka chini ya kitanda chake.

Yai lililodondoka huanguliwa baada ya siku tatu au nne hivi. Kinachotoka ni kijidudu kama uzi, kinachokula takataka za vumbini: vipande vya ngozi, makombo, nywele. Hujifunga, na baada ya wiki tatu hivi tangu yai, kiroboto mzima anatoka akitafuta mguu. Haya yote yanatendeka kwenye tabaka jembamba la mchanga lililo juu ya sakafu ya udongo, mara nyingi kwenye chumba cha kulala, kwenye kona ambayo ufagio hauifikii. Siku unapoutibu mguu, sakafuni kuna mayai ya jana, vijidudu vya juzi na viroboto watakaotoka wiki ijayo. Ukitibu mguu bila sakafu, unateka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo hesabu yangu kwa wazazi ni hii: kila jioni kwa mwezi mmoja na nusu, miguu ioshwe na ikaguliwe, na kila asubuhi kwa muda huo huo, sakafu ishughulikiwe kama ilivyo kwenye jibu linalofuata. Kikionekana kidoa chekundu kipya, kitibiwe siku ile ile kabla tekenya hajaanza kutaga. Watu hukata tamaa wiki ya tatu, ambayo ndiyo wiki wanayotoka wale waliobaki.

Sina pesa za saruji. Nifanyeje na sakafu ya udongo?

Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Hili kina mama wa pwani wanalijua tangu zamani kwa ajili ya kutuliza vumbi, na hapa lina faida ya pili, kwa kuwa tekenya anapenda pakavu. Fagia kwa ufagio wa chelewa mpaka chini ya vitanda, na hizo taka zisiishie mlangoni. Zichomwe au zifukiwe mbali. Mkeka wa kulalia ukung'utwe nje na uanikwe juani. Kama kuna kitanda hata kimoja, watoto ndio wapandishwe juu, wakubwa walale chini. Najua katika nyumba nyingi ni kinyume chake.

Kisha siriba. Sakafu iliyosiribwa upya kwa udongo mfinyanzi, ikapigwa mpaka ikawa laini bila nyufa, haina pa kujificha mayai. Irudiwe kila inapopasuka. Mfuko mmoja wa saruji ukipatikana, usiutawanye nyumba nzima kwa tabaka linalobanduka baada ya mwezi. Maliza vizuri chumba wanacholala watoto. Ukienda Lamu, tazama sakafu za chokaa za nyumba kongwe za mawe, zilivyo laini na zinavyooshwa kwa maji. Tekenya hana la kufanya kwenye sakafu ile. Nyuma ya mji, kwenye nyumba za udongo na makuti, hali ni kama yetu.

Paka, mbwa na mbuzi wanahusika?

Ndiyo. Tekenya haangalii mguu ni wa nani. Mbwa na paka huingiliwa kwenye nyayo zao, na mbuzi, nguruwe na panya pia. Ukiona mbwa anachechemea na kulamba vidole, mgeuze umtazame. Mbuzi wasilale ndani na watoto, ijapokuwa nafahamu kwa nini wanalazwa ndani: wezi. Basi angalau pawe na kizuizi, na upande wao usafishwe. Dawa ya mnyama iulizwe kwa afisa wa mifugo, na isivuke kuja kwa mtoto, kama nilivyosema kwenye swali la mafuta ya taa.

Nikimnunulia viatu, si yatakwisha?

Yatapungua. Ndara huacha vidole na kisigino wazi, na vidole na kisigino ndiko anakoingia. Viatu vya kufunika ni bora, lakini mtoto huvaa kwenda shule, akirudi anavivua ili visichakae, na usiku halali navyo. Kule Madagaska walijaribu kuwapa watu viatu, na faida ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa havikuvaliwa kila siku. Nunua ukiweza. Usiache sakafu kwa sababu umenunua.

Mafuta ya nazi yanazuia?

Kuna mchanganyiko wa mafuta ya nazi, mafuta ya jojoba na mshubiri uliojaribiwa Brazil na Madagaska, ukipakwa miguuni mara mbili kwa siku, na matekenya wapya wakapungua sana. Mafuta yetu ya kukuna na kukamua nyumbani si mchanganyiko ule, kwa hiyo siwezi kukuahidi matokeo yale. Lakini hayana madhara, yanalainisha ngozi na magaga ya kisigino, na yanakulazimisha kuushika mguu wa mtoto kila asubuhi na kila jioni. Hiyo peke yake ni dawa. Bibi mmoja wa huku hupaka wajukuu wake wote kabla ya kulala, na ndiye anayeniletea habari za tekenya mpya kabla sijauliza.

## Shule na madrasa

Nimzuie kwenda shule mpaka apone?

Hapana. Hatoki mguu wa mtoto mmoja akaingia wa mwingine moja kwa moja. Anapitia mchangani kwanza. Mtoto aliyeanza kutibiwa aende. Kama darasa lenyewe lina sakafu ya vumbi, mwambie mwalimu mkuu, kwa heshima, kwamba pia linahitaji kunyunyizwa maji na kufagiwa. Vivyo hivyo madrasa ambayo watoto hukaa chini: mikeka ikung'utwe juani.

Wenzake wanamcheka, sasa hataki kwenda.

Utamjua kwa anavyotembea. Hukanyagia kisigino au ukingo wa mguu, na akisimama huufukia mguu mmoja mchangani. Kule kucheka humfukuza mtoto shuleni kabla maumivu hayajamfukuza.

Nilichoona kinasaidia ni kukagua miguu ya darasa zima kwa siku moja, ya mwalimu ikiwa ya kwanza, badala ya kuwaita mbele wale wanaojulikana. Niliwahi kuona kambi moja ya kutibu funza ambapo watoto walipangwa mstari wakapigwa picha za miguu na nyuso zao, wageni wakashangilia. Mwaka uliofuata watoto wale hawakujitokeza. Ukiombwa picha ya mwanao, una haki ya kukataa na bado atibiwe.

## Maswali ya pembeni

Mtoto mchanga anaweza kuingiliwa?

Anaweza, akilazwa sakafuni. Kwake usitazame miguu tu. Tazama makalio, mgongo, viwiko na mikono, popote panapogusa chini. Wa umri huo asiguswe na sindano nyumbani. Mpeleke dispensari.

Mama ana kisukari na ana tekenya kisiginoni. Ni vile vile?

Si vile vile. Mguu wa mwenye kisukari huenda usihisi maumivu, na kidonda kidogo huenda mbali. Asitolewe kwa chochote nyumbani, aende kituo cha afya siku hiyo.

Mguu umefungwa bendeji. Udhu utakuwaje?

Wengi wanaouliza hili wana watoto wa madrasa wanaojifungua bendeji ili watawadhe. Asiifungue. Dini imeruhusu kupangusa juu ya kilichofungwa jeraha. Namna yake ulizeni ustadhi wenu, mimi hapo si mwalimu. Kwangu ni kwamba miguu ikishatawadhwa, ikaushwe katikati ya vidole, vinginevyo utamtibu tekenya ukamwachia fangasi.

Alirudi kutoka ufukweni na mstari unaotambaa mguuni. Ni tekenya?

Hapana, ni minyoo ya mbwa na paka iliyopotea njia. Mnyama hunya mchangani, mabuu yanaingia kwenye ngozi ya mtu, yanatangatanga chini yake kwa kuwa huo si mwili yaliouzoea. Inawasha vibaya usiku. Usichimbe, kwa sababu mnyoo umeshatangulia mbele ya pale unapouona mstari. Dawa yake ni ya kumeza na hutolewa na daktari. Mchanga unaolowa kila maji yanapojaa ni salama zaidi kuchezea kuliko ule mkavu wa juu, chini ya mivinje.

Ukucha uling'oka. Utaota tena?

Mara nyingi huota, kama shina lake halikuharibiwa na usaha au pini. Wa kidole kikubwa huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kurudi wote, kwa hiyo usiukague kila wiki. Uache wazi mtoto akiwa ndani ya nyumba, ufunike akitoka, na kata ule mpya ukiwa umenyooka, usiuzungushe kona. Wangu ulirudi, lakini umepinda upande wa kushoto, na hadi leo soksi zangu za kulia hutoboka hapo.